PS2 yako haisomi diski? Usiitupe bado, na usimlipe kila mwenye flashi

Ukiona PS2 yako inazungusha diski, inakwaruza kidogo, kisha skrini inageuka nyekundu na kukuambia uweke diski ya PlayStation, ilhali diski iko ndani na ni ile ile uliyochezea jana, usianze kuigonga. Najua tayari umeigonga. Kila mtu huigonga. Wengine huipindua kichwa chini miguu juu, na inakubali kwa wiki moja hivi, halafu inagoma kabisa. Hiyo ni lenzi imechoka, na huku kwetu kwenye chai lenzi huchoka mapema.

Fikiria mahali mashine hizi zinakaa. Kericho iko juu, karibu mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, alasiri ni mvua, na mara nyingine mvua yenyewe ni ya mawe. Kibanda cha gemu ni cha mabati. Mlango wa pili kuna mama wa chapati na jiko lake la makaa. Ukishuka upande wa Sotik mwezi wa Januari, kila lori likipita linakuachia vumbi la murram juu ya kila kitu. Sasa ndani ya hiyo PS2 kuna kijilenzi kidogo kuliko punje ya hindi, ambacho kazi yake yote ni kuona mashimo yasiyoonekana kwa macho kwenye diski inayozunguka kasi. Umande wa asubuhi ukitua pale juu, moshi ukafuata, vumbi likamalizia, unataka kione nini?

Na vipuri vipya vya kweli havipo. PS2 ilitoka Japani mwezi Machi 2000, Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Kwa hivyo mashine yoyote unayoiona leo kati ya Kapsoit na Silibwet imeshapita miaka kumi, na lenzi utakayouziwa ama imetolewa kwa mashine nyingine iliyokufa, ama ni ya kuigiza. Utaibadilisha leo, utaibadilisha tena kabla ya bonasi ya chai.

Ndiyo maana vibanda vingi vimeacha diski. Wanatumia memori kadi na flashi, ama diski ngumu. Ni jambo zuri, mimi mwenyewe nalipenda. Shida ni kwamba likigoma, watu hawajui limegomea wapi, na hapo ndipo pesa za watu huliwa.

Acha nikueleze linavyofanya kazi, maana bila hiyo huwezi kutafuta ugonjwa. PS2 ikiwaka, kabla haijagusa diski, huchungulia memori kadi. Sony waliacha mlango huo wenyewe ili waweze kuleta marekebisho baadaye. Kuna programu inaitwa Free McBoot, ilianza kusambaa 2008, ambayo huketi kwenye kadi na kuingilia mlango huo huo. Ikishaingia inakupa menyu yake. Kwenye hiyo menyu unafungua programu ya pili, Open PS2 Loader, watu huiita OPL. Sasa OPL ndiyo muongo mkuu. Gemu ikisema "nisomee diski", OPL inaipelekea data kutoka kwa flashi, diski ngumu au waya wa mtandao, na gemu haijui tofauti. Lenzi inabaki imelala.

Kwa hivyo kuna vituo vinne: stima, kadi, OPL, na pale gemu zinapokaa. Ugonjwa lazima uwe kwenye kimoja. (Kabla hujaniuliza: ndiyo, gemu zina wenyewe. Kunakili diski uliyoinunua ni jambo moja, kuuza flashi yenye gemu 40 za watu ni jambo lingine, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 haisamehi eti kwa sababu mashine ni ya zamani.)

Agosti, wiki ya kwanza ya likizo ya shule, niliitwa Litein na kijana mmoja mwenye kibanda. Likizo ndiyo msimu wetu. Siku za shule unaketi tu ukiangalia ukuta. Alikuwa na mashine tatu na zote tatu zilikuwa zimezima ndani ya siku nne. Alikuwa amezinunua kwa pesa za bonasi ya mama yake, ile ambayo wakulima wadogo hulipwa kila mwaka karibu na Oktoba. Makubaliano na mama yalikuwa rahisi: mashine zimlipie dada yake karo ya muhula unaofuata. Hapa kwetu, ukitaja mashine mbele ya wazazi, wanakumbuka Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa Kericho na watu waliosema zimewanyang'anya kazi. Huyu alikuwa na hoja kwa mama yake kwamba kuna mashine zinazoleta kazi. Sasa zilikuwa zimenyamaza zote, na fundi wa kwanza alikuwa amemwambia anunue lenzi tatu.

Lenzi tatu! Mashine ambayo haitumii diski, lenzi ni za nini?

Ya kwanza ilikuwa slimu, familia ya 77000. Ilikuwa inawaka vizuri, menyu inakuja, OPL inafunguka, PES inaanza, unachagua timu, halafu wachezaji wakitoka tu uwanjani mashine inazima pu! Taa inarudi nyekundu. Mwenyewe aliamini ni gemu mbovu kwa sababu inazima mahali pamoja kila mara. Ni wazo zuri, lakini angalia: gemu mbovu hukwama. Skrini inaganda, sauti inarudia rudia, lakini taa inabaki kijani. Taa ikizima, hiyo si gemu, hiyo ni stima.

Slimu nyingi, ukiacha familia ya 90000 ambayo sehemu ya umeme iko ndani, hutumia adapta ya nje ya volti 8.5. Angalia chini ya mashine yako, imeandikwa, pamoja na ampia inazohitaji. Zile za kwanza za 70000 zinataka ampia 5.65. Adapta yake ilikuwa ya kuigiza. Volti zilikuwa sawa kwenye kibandiko, ampia zilikuwa nusu. Tena kwenye tundu la USB alikuwa amechomeka diski ngumu ya kubebeka, sio flashi. Tundu la USB linatakiwa kutoa miliampia 500 tu, na diski ya kuzunguka hutaka zaidi ya hapo inapoanza. Mashine ikiwa kwenye menyu haina njaa. Ikianza kuchora uwanja na diski inazunguka, inataka chakula chote kwa pamoja, na adapta inaanguka.

Hapo usipime adapta ikiwa peke yake. Multimita itakuonyesha 8.5 safi na utaapa ni nzima. Ipime ikiwa na mzigo, ama fanya jambo rahisi zaidi: azima adapta unayoijua ni nzima. Tulichomeka adapta ya jirani, tukatoa diski tukaweka flashi, PES ikachezwa dakika zote tisini bila kuzima. Gharama ya kujua: sufuri. Kile ambacho hutakiwi kufanya ni kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo, maana ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ikizidi hutajua sumu ilikuwa ipi.

Tukiwa bado kwenye stima: radi zetu mnazijua. Mvua ikianza kunguruma, chomoa ukutani, usizime kwa kitufe tu. Na stima ikipotea wakati mtu anahifadhi gemu yake, memori kadi inaweza kuharibika kiasi kwamba kesho Free McBoot haifunguki. Kibanda chenye akili kina kadi mbili zilizo tayari, moja kwenye mashine na nyingine kwenye droo. Kuna pia ugonjwa ambapo padi zote mbili na memori kadi zinakufa pamoja, mashine yenyewe inawaka. Wengi husema bodi imekwenda. Mara nyingi ni fyuzi, zile ndogo za kubandikwa kwenye bodi, karibu na matundu hayo, ndogo kama punje ya mchele. Multimita kwenye mlio, gusa pande mbili, ukisikia kimya umepata. Hii ni ya kufanywa na mtu mwenye mkono uliotulia, usijaribu ukiwa na haraka ya mteja.

Mashine ya pili ndiyo iliyoniuma. Ilikuwa ile kubwa ya zamani, tunayoiita fati. Hii ndiyo bora kuliko zote kwa kazi hii, na kama unaiona mahali inauzwa, ichukue. Nyuma ina nafasi ya diski ngumu na adapta yake ya mtandao, na kwa kibodi kidogo cha bei rahisi unaweza kuweka diski ngumu ya SATA, ile ya kompyuta ya kawaida. Inasoma kwa kasi, haina kigugumizi, gemu nyingi zinaingia. Yake ilikuwa inafika kwenye OPL lakini orodha ya gemu ni tupu kabisa.

Nilimuuliza kama diski hiyo imewahi kuchomekwa kwa kompyuta hivi karibuni. Ndiyo, alikuwa ameipeleka kwa saiba kuongeza gemu. Na kompyuta ilikuuliza kitu? "Iliniuliza kama niitayarishe diski, jamaa wa pale akabonyeza ndiyo."

Sikiza hapa vizuri. Diski ngumu ya fati hupangwa kwa mtindo wa PS2 wenyewe, na Windows haiutambui. Ikiona diski hiyo inafikiri ni tupu, na kwa roho safi kabisa inajitolea kuitayarisha ama kuifomati. Ukikubali, inaandika vitu vyake mwanzoni mwa diski, pale pale PS2 inapotafuta jina lake. Gemu zote zinapotea kwenye orodha. Jibu ni hapana, kila mara, hata ikiuliza mara tano. Gemu huongezwa kwa programu inayojua mpangilio wa PS2, ama kupitia waya wa mtandao mashine ikiwa imewaka. Diski yenyewe haikuwa mbovu. Tuliifomati upya kwa kutumia PS2, ikakubali, na ikabidi aanze kuzipakia upya moja moja kutoka kwa diski zake za zamani, usiku kucha, kwa laptopu ya binamu. Zile ambazo diski zake zilikwaruzika zilipotea moja kwa moja.

Kama fati yako haioni diski ngumu kabisa, hilo ni jambo tofauti: adapta ya nyuma haijakaa sawa, ama meno yake yana kutu. Ifungue, isugue kwa kifutio cha penseli, irudishe, kaza skrubu zote mbili. Sitaki kukudanganya kwamba kuna siri zaidi.

Sasa, wengi wenu mna slimu na flashi, na malalamiko yenu ni mawili: "gemu inakwamakwama" na "skrini inabaki nyeusi."

Kukwamakwama si ugonjwa, ni umbo la mashine. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, megabiti 12 kwa sekunde, ambayo kwa kazi halisi haifiki hata megabaiti mbili. Diski ya DVD kwenye mashine hiyo hiyo husoma karibu megabaiti tano. Umetoka barabara ya lami ukaingia njia ya majani chai. PES huvumilia. Video za kuanzia gemu hukata kata. GTA San Andreas utaendesha gari na barabara itachelewa kutokea mbele yako. Ukinunua flashi ya bei kali eti ni ya kasi, umetupa doo, maana tundu ni lile lile. Dawa ni kubadilisha njia: slimu ina tundu la waya wa mtandao, unaweza kuleta gemu kutoka kwa laptopu kuukuu iliyokaa chini ya meza. Ama kuna kiadapta kinachoitwa MX4SIO, unaweka kadi ya SD ndani, kinaingia tundu la memori kadi. Kina kasi kuliko USB. Hasara yake ni kwamba unapoteza tundu moja la kuhifadhia.

Skrini nyeusi, ama nyeupe, ina sababu chache na zote unaweza kuzipima ukiwa umeketi. Jaribu gemu nyingine kwenye flashi hiyo hiyo. Ikifunguka, flashi, kadi na OPL ni wazima, tatizo ni faili ya ile gemu. Labda ilinakiliwa nusu. Labda imevunjwa vipande: kama umekuwa ukifuta gemu na kuweka nyingine kwenye flashi kwa miezi, faili mpya hupachikwa kwenye mapengo, kipande huku kipande kule, na OPL haipendi hivyo. Hamisha zote, fomati flashi, zirudishe moja baada ya nyingine, usinakili mbili kwa pamoja. Labda ni kubwa kupita gigabaiti nne, ambayo FAT32 haiwezi kubeba kama faili moja. Hapo unaikata vipande rasmi kwa programu ya kazi hiyo, ama unatumia OPL mpya zinazokubali exFAT. Hizo gemu za PES zilizobadilishwa majina ya wachezaji, kama Bomba Patch ya Wabrazili, zimeongezewa vitu na watu wengi, kwa hivyo ukipewa nakala yake usishangae ikikataa. Mwisho kabisa, kwenye mipangilio ya gemu ndani ya OPL kuna modi. Jaribu ya 1, kisha ya 2, kisha ya 3, moja kwa wakati, uhifadhi ile iliyokubali.

Kama hakuna gemu hata moja inayofunguka, angalia flashi: iwe na sehemu moja tu, na gemu ziwe ndani ya folda iliyoandikwa DVD au CD. Nimeona mtu amelipa fundi kwa sababu gemu zilikuwa ndani ya folda iliyoandikwa GAMES.

Na kadi. Ukiwasha na mashine inakwenda moja kwa moja kwenye menyu ya kawaida ya Sony, kadi haijasomwa. Itoe, isafishe meno, ichomeke tena. Ikikataa, muulize aliyekuuzia: umeisakinisha ama umenakili? Kuna wasee wanachukua kadi moja nzima na kunakili faili zake kwenye kadi kumi tupu. Haifanyi kazi hivyo. Faili ile ya kuanzia hufungwa kwa kadi moja mahsusi, ukiipeleka kwa kadi nyingine inakuwa mzigo tu. Lazima isakinishwe upya kwenye kila kadi. Kabla hujalipa, mwambie aiwashe kwenye mashine yako, mbele yako.

Hapo ndipo ilipokuwa mashine ya tatu ya Litein, ila kwa sababu nyingine. Kadi ilikuwa nzima. Tuliichomeka kwa ile 77000 ikafunguka bila noma. Kwenye yake haikufunguka. Nikaigeuza nikaona 90000. Familia hiyo ndiyo ya mwisho, na zile zilizotengenezwa mwishoni mwishoni Sony waliuziba ule mlango wa memori kadi. Free McBoot haiwezi kuingia hapo hata ungesafisha kadi kwa maji ya Zamzam. Fundi wa kwanza alimwambia bodi imekufa, akaomba kuinunua kama chuma chakavu. Usiuze. Kuna programu nyingine, OpenTuna, inayopitia dirisha badala ya mlango: unafungua sehemu ya kutazama yaliyomo kwenye memori kadi, na mashine ikijaribu kuchora picha ndogo ya faili hiyo, programu inaingia. Ni hatua moja zaidi kila unapowasha. Tangu 2020 pia kuna FreeDVDBoot, ya jamaa anayejiita CTurt, ambayo huanzia kwenye diski ya DVD, lakini hiyo inataka lenzi inayosoma, na wewe huna.

Kuandaa kadi ya OpenTuna unaweza kutumia PS2 nyingine ambayo tayari inafungua Free McBoot. Alikuwa nayo, iko mezani, na foleni ya watoto ilikuwa mlangoni ikiingoja. Tukaamua ichezwe hadi jioni, shilingi 20 kwa mechi, kisha tuandae kadi wakishaondoka. Saa mbili usiku ngurumo zikaanza upande wa Kapkatet. Tukachomoa kila kitu ukutani, tukangoja ipite, kadi ikakamilika saa nne kasoro. Asubuhi iliyofuata mashine mbili zilikuwa zinacheza. Fati ilikuwa bado inapakia gemu, iko ya tano kati ya kumi na nane.